Jicho la Mwenye Chongo

Siku niliyoagwa kazini nilirudi nyumbani na majogoo wawili, mkungu wa ndizi, doti tatu za kanga za mke wangu, ndoo ya mapeasi iliyoteremshwa na basi kutoka Lushoto, na saa ya ukutani. Sijui nani alianzisha mtindo wa kumpa saa mtu ambaye ndiyo kwanza hana pa kuwahi. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2024, Shaabani imefika katikati, nami nimetimiza miaka 60, umri ambao Serikali humwambia mtumishi wake ahsante.

Wagonjwa walikuja wengi kuliko viti. Mama mmoja wa Maramba, ambaye nilimtoa mtoto wa jicho kwanza kushoto kisha kulia, alinishika mkono akawa hauachii. "Daktari, Mungu akulipe. Wewe ndiye uliyenipa macho." Nikamjibu kama nilivyowajibu watu wote kwa miaka 30: "Macho kakupa Mungu, mama. Mimi ni sababu tu."

Huku kwetu pwani kila daktari Mwislamu ana jibu hilo mfukoni pamoja na kalamu. Ni jibu jema. Linamvunja mtu kiburi, linamrudishia Mwenyezi Mungu kilicho chake, tena foleni ikiwa ndefu linafupisha mazungumzo. Lakini asubuhi ile sikuwa na mgonjwa wa kumpima, na masikio yangu yakapata nafasi ya kunisikiliza mwenyewe. Nililisema kwa mama wa Maramba, nikalisema kwa dereva wa lori, nikalisema kwa mwalimu mstaafu ambaye sasa anasoma gazeti bila kulipeleka dirishani. Na kila nikilisema namkumbuka mtu mmoja ambaye kwake nimeyatamka maneno hayo mara mbili. Mara ya kwanza yalikuwa kweli. Mara ya pili yalikuwa uongo.

Yeye hakuja kuniaga. Asingeweza kuja bila wa kumshika mkono, nami sikumwalika.

Nitamwita Mzee wa Kigombe, ingawa nilipokutana naye hakuwa mzee: alikuwa na miaka 58, chini ya umri wangu wa leo. Kazi yake uvuvi. Chongo aliipata zamani, akiwa kijana wa miaka 21, alipokuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Pangani. Jani la mkonge hufika mita moja na zaidi, nene, na kwenye ncha lina mwiba mweusi mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Mkataji anainama kukata majani ya chini, na ya juu yanamngoja usoni. Jicho lake la kulia lilikwenda hivyo, asubuhi moja kabla ya chai. Na mkonge wenyewe si mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika hai 62 tu, na vitukuu vya hivyo 62 vikaja kulijaza bonde lote. Huwa nawaza kwamba ukitaka kuzifuata sababu za jicho la kulia la Mzee wa Kigombe, huna budi kuvuka bahari mpaka Florida, na ukifika huko hutapata wa kumkamata shati.

Jicho la kushoto halina safari hiyo. Sababu zake zinaanza na kuishia kwenye kidole changu.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka minne tangu nirudi kutoka hospitali ya KCMC, Moshi, ambako sisi madaktari wasaidizi tulifundishwa upasuaji wa macho. Nilikuwa kijana, mkono mwepesi, na sifa zilikuwa zimeanza kunitangulia vijijini. Lenzi za kupandikiza zilikuwa zimeanza kutufikia kwa bei ya kushikika kutoka Madurai, India, ambako kiwanda kilianza kuzitengeneza mwaka 1992. Kabla ya hapo mgonjwa tulimtoa lenzi yake yote tukampa miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Akiikalia ikavunjika, amerudi kuwa kipofu. Kwa hiyo kile kiplastiki kidogo kuliko punje ya dengu kilitulevya. Kila niliyemwekea niliona nimemfanyia muujiza, halafu nikasema mimi ni sababu tu.

Mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara tangu mwisho wa 1997. Zikaungana na Ramadhani, na watu wetu hawataki dawa ya matone mchana wa Ramadhani. (Vitabu vya Kishafii vinasema tone la jichoni halifunguzi, hata ladha yake ikifika kooni. Nimelieleza hilo barazani na misikitini mpaka nimechoka.) Idi ilipopita na njia zikapitika, wagonjwa wa miezi minne walinijia kwa mkupuo. Siku hiyo ya Februari nilikuwa na watu 17 kwenye orodha.

Kabla ya kulipasua jicho kuna jambo dogo la kufanya, dogo kiasi kwamba mwanafunzi huona haya kuulizia. Unaweka ncha ya kidole kwenye pembe ya jicho, upande wa pua, pale penye kifupa, unabonyeza. Hapo chini ndipo kilipo kifuko cha machozi. Kikiwa kizima, hakuna kitu, au litachuruzika chozi safi. Kikiwa na ugonjwa wa siku nyingi, mfereji wa kushusha machozi puani umeziba, basi usaha utapanda na kuchungulia kwenye kitundu cha kope. Ukiuona, humpasui mtu huyo. Unatibu kifuko kwanza, hata ikichukua miezi. Ukilifungua jicho kando ya kisima kile, wadudu wataingia ndani, na ndani ya jicho hawana wa kuwazuia. Kubonyeza huko ni sekunde mbili.

Daftari letu la upasuaji lilikuwa na safu ya jambo hilo. Kwa mgonjwa wa kwanza niliandika: kifuko safi. Chini yake nikatia vile vistari viwili vidogo, vya kusema "kama hapo juu". Nikashuka navyo hadi wa 17. Mzee wa Kigombe alikuwa wa 12.

Nilimbonyeza? Sikumbuki. Huko kutokukumbuka kumenitafuna kwa miaka 26. Nakumbuka nesi akiniambia huenda umeme ukakatika saa nane. Nakumbuka mzee alivyokuwa akinuka moshi wa kukausha samaki ingawa tulimwogesha. Nakumbuka mtoto wa jicho lake alivyotoka: kahawia, mgumu, kama punje ya njugu mawe. Nilimhifadhi kwenye kipande cha shashi kwa sababu mwenyewe aliomba aonyeshwe. Wengi huomba. Lugha yetu imewaahidi mtoto, wanataka kuona sura yake. Yote hayo ninayo, isipokuwa kidole changu. Kidole hakina kumbukumbu, na daftari lina vistari.

Siku ya pili tulifungua bendeji. Alihesabu vidole vyangu nikiwa mlangoni, akaniambia sharubu zangu zimekatwa upande. Akacheka. "Nabii Yaakubu alirudishiwa macho kwa kanzu," alisema, "mimi mvuvi nimerudishiwa kwa plastiki." Wodi nzima ilicheka. Nikamwambia macho kampa Mungu, mimi ni sababu tu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, nesi alinigongea mlango. Kope zilikuwa zimevimba, jicho jekundu, na ndani yake, mbele ya mboni, usaha umetuama kama tui chini ya bakuli. Nikaweka kidole kwenye pembe upande wa pua, nikabonyeza. Ukapanda.

Tulichoma dawa tulizokuwa nazo. Tukampeleka Moshi kwa barabara ambayo mvua ilikuwa imeila, akafika amechelewa. Jicho lilisinyaa. Hesabu yangu inaniambia aliona saa 20 hivi, na katika hizo nyingine alikuwa amelala.

Waliokuja kumchukua ni mkewe na kaka yake. Kaka yake, mtu wa msikitini, alinishika bega. "Daktari, usijitie unyonge. Hii ni kazi ya Mungu. Wewe ulikuwa sababu tu." Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea kwetu, ananisubiri niseme. Nikasema: "Ndiyo, mzee wangu. Mimi nilikuwa sababu tu." Daftari lilikuwa mezani kati yetu, limefunguliwa.

Sababu kwa Kiarabu, kabla ya kuwa neno la wanafalsafa, ilikuwa kamba. Kamba ya kufikia kitu, kama ile inayoteremsha ndoo kisimani. Napenda kulikumbuka hilo. Wanazuoni wa pwani yetu ni watu wa Ash'ari, na katika shule hiyo Ghazali ndiye aliyelieleza jambo kwa ukali kuliko wote: pamba ikigusana na moto huungua, lakini si moto unaoiunguza. Mungu huumba kuungua pale pale moto ulipo, nasi kwa mazoea tunasema moto umeunguza. Daktari akilisikia hilo hupata utamu. Kuona kulikuja penye kisu, hakukuja kwa kisu. Ibn Rushd alimjibu Ghazali miaka mingi baadaye kwamba anayefuta sababu amefuta na akili, kwa maana kukijua kitu ndiko kuzijua sababu zake. Sishangai. Ghazali alikuwa mwalimu. Ibn Rushd alikuwa tabibu, na ukadhi wa Cordoba juu yake. Mtu anayegongewa mlango usiku hawezi kuupuuza moto kirahisi hivyo.

Ash'ari mwenyewe alikuwa ametafuta njia ya katikati. Mungu huumba tendo, mja hulichuma. Na kwa kuwa amelichuma, litaandikwa kwake. Waarabu wakitaka kusema kitu ni chembamba mno hata hakishikiki, husema ni chembamba kuliko chumo la Ash'ari. Nimetumia hadubini miaka 30 na chumo hilo sijaliona. Uzito wake lakini naujua.

Na hapa niseme kitu kuwatetea wanazuoni, kwa sababu tumewasingizia. Hakuna hata mmoja kati yao, wa huku wala wa kule, aliyesema kwamba kadari inalipa deni la mtu. Wakati wa tauni ya Amwasi, huko Sham, Khalifa Umar alipopata habari kwamba mbele kuna ugonjwa aligeuza msafara. Amiri wake huko, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake maana yake ilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Huwa nalisikia hilo likisimuliwa kama fumbo. Kwangu ni habari ya mtu aliyebonyeza kwanza.

Kosa ni letu na namna tunavyolizungusha neno. Nimejichunguza miaka yote hii na nimewachunguza wenzangu wa koti jeupe, Waislamu na Wakristo, maana Wakristo nao wanalo lao, wanasema "mimi chombo tu". Mgonjwa akipona, tunalisema wenyewe, kwa sauti, na watu wanatupenda zaidi kwa kulisema. Asipopona, hatulisemi. Tunanyamaza tukingoja ndugu zake walitamke, kisha tunaitikia. Na ndugu hawakosi kulitamka, kwa sababu ni watu wema, na kwa sababu wanataka kuamini kwamba mpendwa wao hakuharibiwa na uchovu wa mtu mwenye orodha ndefu. Kama mimi ni kamba, basi ni kamba ndoo inapopanda na ni kamba inapokatika. Na kamba ikikatika, mtu huiangalia pale ilipokatikia.

Mwaka 2005 hivi nilimwendea sheikh mmoja, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa chuoni, nikamuuliza kijanja kama mtu anayetafuta elimu. "Jicho la mwenye chongo likiharibiwa, diya yake nini?"

Alifurahi. Sheikh akiulizwa swali la diya, fidia ya mwili, siku hizi ni kama fundi saa kuletewa saa ya kutia ufunguo. Macho mawili, akasema, ni diya kamili, ngamia 100 au dinari 1,000. Jicho moja ni nusu. Hadi hapo hakuna ugomvi. Lakini mtu akiwa na jicho moja tu, nalo likaondolewa? Maliki na watu wa Madina wanasema ni diya kamili, kwa sababu umemwondolea kuona kote. Shafii na Abu Hanifa wanasema nusu, kwa sababu umeondoa jicho moja, na jicho moja bei yake inajulikana. "Sisi kwetu nusu," akasema. "Ngamia 50. Sasa Tanga hii utawapata wapi?" Kisha akanitazama. "Jicho la nani?"

"Swali la jumla tu, sheikh."

Nilirudi nyumbani nikafungua Ibn Rushd, ambaye alifariki mwaka 1198, miaka 800 kabla ya orodha yangu ya watu 17. Katika kitabu chake cha hitilafu za wanazuoni analo fungu fupi la matabibu. Tabibu akikosea hudaiwa diya. Asiyejua utabibu akajitia kutibu, huadhibiwa, na diya hutoka katika mali yake mwenyewe. Nilisoma nikijitafuta. Mimi sikuwa yule asiyejua. Nilikuwa najua, na siku ile ujuzi wangu niliuweka kwenye vistari viwili.

Na kuhusu nusu na nzima, naomba radhi kwa Imamu wangu Shafii, ambaye nimeswali kwa madhehebu yake maisha yangu yote. Kazi yangu ilikuwa kupima macho. Jicho moja humpa mtu upana wa nyuzi 150 hivi. La pili likija humwongezea hadi 180 na kidogo. Mwenye chongo anavua, anahesabu hela, anamtambua mtoto wake ng'ambo ya uwanja, anakuja mwenyewe hospitali. Jicho la kwanza kutoka lilimwondolea Mzee wa Kigombe pembe ya dunia. La pili liliondoka na ngalawa, mkewe, na ukuta wa msikiti. Hakuna mizani ya macho ambayo juu yake vitu hivyo viwili vinalingana. Naielewa hoja ya Imamu, kwamba sheria haiwezi kumpandishia mtu bei kwa sababu ya msiba wa zamani ambao si wewe uliouleta. Hindorf na mkonge wake wajibu la kwao. Lakini mtu akija kwako na jicho moja, hukumkuta na nusu. Kwa hiyo katika mambo yote mimi ni Shafii, ila katika jicho hili moja mimi ni Maliki.

Narudi kwenye siku ya kuagwa. Mwishoni mshereheshaji, kijana wa maabara, alishika kipaza sauti akasema kwa kuwa tuko Shaabani na Ramadhani iko mlangoni, daktari wetu na sisi tuombane radhi. Nikasimama nikasema yale yanayosemwa: niliyemkosea kwa kujua au kutokujua, anisamehe. Ukumbi mzima ukaitikia: "Tumesamehe!" Wakapiga makofi. Nikakaa na soda yangu.

Wenzangu, msamaha ule ni mtamu na hauna kitu ndani yake. Tumefundishwa tangu tukiwa wadogo kwamba haki ya Mungu, Mungu huisamehe akitaka, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja mwenyewe. Na katika Minhaji ya Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa pwani hii walihukumia kwa vizazi, imeelezwa kwamba kumwachia mtu deni usilolijua hakusihi. Anayesamehe sharti ajue anasamehe nini. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoliruhusu, na ningependa sana kuwafuata. Lakini mtu hawezi kuwa Maliki kwenye jicho na Hanafi kwenye msamaha, akichagua dukani kama anayechagua maembe.

Usiku ule nilikwenda tena kwa sheikh, na safari hii nilimwambia jicho la nani. Hakunishangaa. Alikaa kimya, akamwaga kahawa yake iliyopoa kwenye majani ya mlangoni, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Miaka 26 yeye amelala na kadari ya Mungu. Ukimwambia, atalala na nini?"

Swali hilo sijalimaliza mpaka sasa. Nilikuwa nimejiona mtu jasiri anayekwenda kukiri. Sheikh alinionyesha mzee wa miaka 84, kipofu, ambaye kitu alichobaki nacho ni kwamba alichukuliwa macho na aliyempa. Mimi nakwenda kumwambia hapana, la pili lilichukuliwa na mtu mwenye haraka. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemtoa kitu mara ya pili ili mimi nipumzike. Hoja yangu ilikuwa kwamba utulivu uliojengwa juu ya vistari vyangu viwili si utulivu wangu kuutunza wala kuubomoa, ni wake, na hawezi kuuchagua bila kujua. Sheikh akasema huo ni ufasaha mzuri. Akasema: "Nenda, lakini usiende kutafuta usingizi wako kwake. Ukimkuta hana wa kukupa, urudi bila."

Nilikwenda siku nne kabla ya mwezi kuandama. Gari la Pangani liliniacha barabarani, nikachukua bodaboda hadi ufukweni. Mfukoni nilikuwa na bahasha niliyoitoa kwenye hesabu ya kiinua mgongo changu. Kabla ya kuifunga nilitia, nikatoa, nikatia tena, kwa sababu sikujua niijaze kwa nusu au kwa nzima.

Alikuwa barazani anashona nyavu. Vipofu wengi waliokuwa wavuvi hushona. Kidole gumba kinapima tundu, kijiti kinapita, fundo linakazwa, na mkono unajua tundu lililochanika kabla hujamwonyesha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kijiti kikasimama. "Sauti hiyo naijua. Daktari. Nimesikia wamekupumzisha."

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamweleza. Nilieleza mvua, orodha, kifuko, kidole, daftari, vistari, kwa mpangilio, kama ninayetoa ripoti ya mgonjwa. Neno sababu sikulitumia. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nyavu magotini.

"Mlikuwa na watu wangapi siku ile?"

"17."

"Hao 16?"

"Waliona."

"Wao walibonyezwa?"

"Sijui, baba. Vistari ni vile vile."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Jicho kalichukua aliyelitoa," alisema. "Hilo nimelisema siku nyingi, sitalirudia nyuma kwa sababu yako. Lakini kuandika, uliandika wewe."

"Niliandika mimi."

"Basi hilo niachie kwanza."

Nikamwambia Ramadhani imekaribia. Akasema Ramadhani itamkuta pale pale, na mimi sasa sina kazi, naweza kuja tena. Bahasha ilibaki mfukoni. Nilipokuwa najikongoja kuinuka akanizuia kwa kiganja.

"Wapi?"

Nikaushika mkono wake. Kidole chake kilikuwa kigumu kwa chumvi na uzi, nikakipeleka kwenye pembe ya jicho la kushoto, upande wa pua, penye kifupa.

"Hapa tu?"

"Hapo tu, baba."

Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa muda zaidi ya sekunde mbili. Kisha akakihamisha kidole upande wa pili, mahali pale pale, akabonyeza na huko.

"Na hili?"

"Hilo ni la mkonge, baba."